Mteremko Haumjui Mkwe

"Mteremko haumjui mkwe!" Ndivyo shangazi yenu alivyompigia kelele Subilaga asubuhi hii, alipomkuta amesimama na sufuria ya mafuta ya moto mikononi, anangoja baba mkwe wake amalize kufunga kamba za viatu kizingitini ndipo apite. Mafuta yanachemka, mikono inaungua, naye kainamisha kichwa eti ana adabu. Nyinyi mkacheka. Mimi sikucheka, Tumpe akaniona, na sasa anataka kujua neno hilo limetoka wapi.

Haya, nitawaambia, lakini endeleeni kumenya viazi. Wageni wa harusi hawashibi hadithi. Na wewe Lusajo, menya ganda, usimenye kiazi chote.

Neno hilo lina mwanzo wake, na mwanzo wake ulikuwa kwenye mteremko wa Kipembelo, huku huku milimani. Mimi nilikuwepo.

Kwanza mjue ukwe ulikuwaje. Siku hizi mke wa kijana anampelekea baba mkwe chai, anamwuliza kama sukari imetosha, kisha wanakaa kutazama mpira pamoja. Sawa, kila zama na watu wake. Enzi zetu, huku juu na kule chini ziwani, mke wa mtoto hakumtazama baba mkwe wake usoni. Hakulitaja jina lake. Akimwona anakuja, alichepuka njia. Mimi mwenyewe niliwahi kuruka kwenye upupu kwa sababu baba mkwe wangu alitokea ghafla kwenye kona na jembe lake begani. Nilijikuna hadi Jumapili, na mama mkwe akanisifu kanisani mbele ya wanawake wenzake.

Msidhani tulibanwa sisi tu. Mwanaume naye alikuwa na mipaka yake. Akikaribia mahali alipo mkamwana wake, yaani mke wa mwanawe, alikohoa ili mwanamke huyo ajifiche au ajifunike. Akisikia sauti yake, alisogea mbali, asisimame kuisikiliza. Na kama kulikuwa na jambo la lazima, lilipitia kwa mtoto. Mwanamke alimwambia mwanawe, "Mwambie babu maji ya kuoga yako tayari," na babu yuko nyuma ya ukuta anasikia kila kitu. Hata mtoto mchanga asiyejua kusema alitumwa hivyo hivyo. Ilikuwa heshima, nami siitukani. Nililelewa nayo na imenifunza mengi.

Sasa kulikuwa na mzee mmoja kutoka kule chini, karibu na Ziwa Nyasa, jina lake Mwalugaja. Alifanya kazi miaka mingi na kampuni ya wageni waliokuwa wakijenga barabara za milimani. Wakubwa wa kampuni ile hawakulala kwenye mahema. Walilala kwenye nyumba za magurudumu, karavani, zinazofungwa nyuma ya gari na kuvutwa kutoka kambi hadi kambi. Kazi ilipokwisha na wageni kuondoka, walimwachia Mzee Mwalugaja moja iliyochakaa. Nje bati, ndani mbao, kitanda, meza ndogo, jiko la mafuta ya taa. Ilikuwa na mlango mmoja ubavuni na dirisha dogo la kupitishia hewa. Mzee aliipaka rangi ya kijani, akaiegesha uani kwake, na watu walitoka vijiji vya mbali kuja kuchungulia kitanda kilichomo ndani ya gari.

Mwaka ule mke wake aliugua sana. Akapelekwa hospitali ya misheni, huku ng'ambo ya milima, na daktari akasema atakaa muda mrefu. Mnajua wauguzaji wa enzi hizo walivyolala: kwenye baraza, juu ya mkeka, na baridi ya huku mnaijua wenyewe. Mzee Mwalugaja akasema watu wake hawatalala nje naye ana nyumba inayotembea. Wataivuta hadi hospitali, waiweke karibu na jiko la wauguzaji, wakae humo mpaka mama apone.

Aliyetakiwa kumwuguza mama ni mkamwana, Tusekile, mke wa Ambilikile, mtoto wa kiume wa yule mzee. Tusekile alikuwa binti mwenye sifa njema. Alikuwa na mtoto wa kunyonya, Ipyana, ambaye hata kukaa alikuwa bado hajajua. Ambilikile ndiye aliyekuwa dereva. Aliazima landrova kwa mwajiri wake. Mzee naye akasema lazima aende akamwone mkewe.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Tusekile atakaa wapi? Mbele hawezi, atagusana bega na baba mkwe wake. Nyuma ya landrova hawezi, kwa kuwa kati ya nyuma na mbele hakuna hata pazia, na safari nzima atakuwa anatazama kisogo cha mzee. Mama mkwe angekuwepo angekaa katikati yao, lakini huyo mama ndiye mgonjwa wanayemfuata. Basi wakamweka Tusekile na mtoto ndani ya karavani.

Mzee Mwalugaja alijua kuliko mtu yeyote kwamba karavani haipandwi ikiwa inavutwa. Kampuni ilimfukuza kazi mtu kwa kosa hilo, na yeye mwenyewe alikuwa shahidi. Aliniambia baadaye, kwa kinywa chake, "Nilijua. Lakini angekaa wapi?" Aliniuliza swali hilo akinitazama kabisa, anangoja jibu.

Njiani komeo la mlango likavunjika. Mlango ukawa unapigapiga kwa upepo, na barabara yenyewe mashimo matupu. Ambilikile akasimamisha gari, akaufunga kwa nje kwa waya, akaukaza kwa koleo. Akamwambia mkewe kupitia dirishani, "Ukitaka kutoka, bisha. Nitakuja kukufungulia." Wakaendelea kupanda, na kila waliposimama ilikuwa hivyo hivyo: Tusekile anabisha, mumewe anakuja na koleo, mzee anakwenda zake mbele ya gari na kugeuzia uso bondeni.

Wakafika Kipembelo. Siku hizi kuna lami na kingo za saruji, mnapita mkiwa mmelala. Wakati ule ilikuwa barabara ya udongo iliyochongwa ubavuni mwa mlima. Upande mmoja ukuta wa ardhi, upande wa pili korongo ambalo ukitupa jiwe husikii likitua. Ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na ilikuwa imeacha kidogo tu. Ukungu ulikuwa unapanda.

Mimi nilikuwa shambani, juu ya barabara, nachuma maua ya pareto. Nilikuwa mke mchanga, sijazaa bado. Niliiona ile nyumba ya kijani ikitokea kwenye ukungu, nikaacha kuchuma nikaitazama. Nani asingetazama? Ilikuwa inatikisika taratibu nyuma ya landrova. Ikasimama pale juu kabisa, kabla barabara haijaanza kuteremka.

Kilichowasimamisha ni lori la viazi lililokwama kwenye kona ya chini. Watu wa lori walikuwa wamepanda kuomba msaada. Kwenye barabara za huku humpiti aliyekwama. Ukimpita leo, kesho ni wewe na hakuna atakayekuangalia. Ambilikile akaisogeza karavani pembeni, upande wa korongo, ili kama kuna gari linapanda lipite. Akaitenganisha na landrova. Mzee akatafuta mawe, akayaweka mbele na nyuma ya magurudumu, akayapiga teke kuona kama yameshika. Yalishika vizuri. Kisha Ambilikile akampa baba yake koleo, akachukua mnyororo, akashuka na landrova kwenda kulivuta lori.

Mzee akabaki analinda nyumba. Nilimwona akitembea huku na huku, amevaa koti refu la mvua la kampuni, mikono nyuma. Nikarudi kwenye maua yangu.

Haya niwaambieni yaliyotokea ndani. Nimeyasikia kwa mwenyewe, kwa hiyo si ya kutunga.

Tusekile alikuwa amekaa kitandani akinyonyesha. Mezani kulikuwa na kijiko. Akakiona kile kijiko kinatembea. Kilitoka katikati ya meza, kikaenda hadi ukingoni, kikaanguka. Akajua nyumba inainama. Mawe ya mzee yalikuwa mahali pake, ila ardhi iliyo chini ya mawe ndiyo iliyokuwa inaondoka. Upande ule wa barabara ulikuwa udongo wa kujaziwa, umelowa, na gurudumu la nje lilikuwa linazama.

Akabisha. Akabisha kama mkamwana anavyobisha, pole pole, kwa kidole.

Mzee alisikia. Akafikiri Tusekile anataka kwenda haja. Akajikuta yeye ndiye pekee aliye nje, ana koleo mfukoni, na waya ule hapo mbele yake. Akiufungua mlango watakutana ana kwa ana, pua kwa pua. Akakohoa, ili mkamwana ajue kwamba mumewe hayupo, aliyepo ni yeye.

Tusekile akasikia kikohozi. Akaelewa. Lakini sufuria nazo zilikuwa zimeanza kuteleza, basi akabisha tena, safari hii kwa ngumi. Na kwa kuwa jambo lenyewe halikuwa la kungoja, akafanya kama alivyofunzwa. Akamwinua mtoto usawa wa dirisha, akasema kwa sauti, "Ipyana, mwambie babu nyumba inaondoka! Ipyana, mwambie babu afungue!"

Yule mzee aliposikia sauti ya mkamwana wake alifanya kama yeye naye alivyofunzwa. Akasogea mbali haraka. Hakutaka kusikiliza. Alidhani anambembeleza mtoto, na upepo ulikuwa unavuma, na hatua zake mwenyewe zilikuwa zinapiga matope. Akaangalia nani wa kumsaidia, akaniona mimi juu shambani. Mwanamke! Akashukuru Mungu. Akaanza kupanda kunifuata.

Nilimwona anakuja anahema, koti limemkumbatia miguu. Alipofika akavua kofia.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Habari za kazi?"

"Kazi nzuri, mzee. Habari za safari?"

"Safari njema, tunashukuru. Hapa wanaendeleaje?"

"Hawajambo. Na huko mtokako?"

"Huko ni wazima, ila mama yenu ndiye mgonjwa. Yuko hospitali."

"Pole sana."

"Ahsante, nimeshapoa." Ndipo akasema, "Mwanangu, nina shida kidogo. Mkamwana wangu yumo mle ndani na mtoto, anabisha, nadhani anataka kutoka. Mlango umefungwa kwa waya. Mumewe ameshuka kwenye lori."

"Sasa?"

"Sasa nakuomba ukamfungulie."

Mtu wa kwingine angeuliza, wewe mwenyewe mikono huna? Mimi sikuuliza, maana nilielewa palepale. Hata baba mkwe wangu angefanya vilevile, nami ningemsifu. Nikatua tenga langu, nikafuta mikono. Akatoa koleo mfukoni akanipa. Lilikuwa na joto la mwili wake.

Hatukuwa tumefika hata nusu ya shamba tuliposikia mlio wa bati. Haukuwa mkubwa kama mnavyofikiri. Ulilia mara moja, ukanyamaza, halafu ukalia tena mbali chini, na tena, na mawe yakifuata. Kisha ukungu ukawa kimya.

Nikakimbia. Nilipotua barabarani nyumba haikuwepo. Palikuwa na jiwe moja la upande wa ndani, limekaa vizuri kabisa mahali lilipowekwa. Upande wa nje barabara ilikuwa imemegeka. Na barabarani, hatua chache kutoka pale ilipomegeka, mtoto alikuwa analia.

Alikuwa amefungwa kwenye kanga, na kanga ya pili imeungwa na ile ya kwanza kuwa kamba. Tusekile alimpitisha dirishani akamshusha pole pole, mpaka alipohisi kamba imelegea. Dirisha lile lilitosha mtoto. Mtu mzima halikumtosha. Kama angekuwepo mtu nje angempokea, na akishampokea mtoto angekuwa amesimama hatua moja kutoka kwenye ule waya.

Nikamwokota mtoto. Mzee alikuwa amefika nyuma yangu. Anatazama pale pasipo na kitu, mdomo wazi. Nikamwambia, "Mzee, kwa nini hukufungua mwenyewe?" Sikukusudia, lilinitoka. Na jibu nilikuwa nalijua.

Nikamwekea mtoto mikononi, nikashuka korongoni.

Sitawaambia yote niliyoyaona njiani kuelekea chini. Nyumba ilikuwa imepasuka, na mabati ya kijani yamekwama kwenye miti. Watu wa lori walikuwa wanashuka kutoka upande wa pili, na Ambilikile yuko mbele yao, anaanguka na kuinuka, anaita jina la mkewe. Sisi ndio tuliomkuta. Alikuwa hai. Alikuwa amelala chali, na ubao wa kitanda pamoja na bati zima la ukuta vimemkandamiza kuanzia kiunoni kwenda chini. Uso haukuguswa. Watu walijaribu kuinua lile bati, likakataa, wakapanda mbio kufuata mnyororo na nguzo. Ambilikile akaenda nao, maana mnyororo ulikuwa wake. Mimi nikakaa na kichwa cha Tusekile mapajani.

Ndipo aliponisimulia habari ya kijiko, na kubisha, na maneno aliyompa Ipyana ampelekee babu. Alizungumza vizuri tu, kama mtu anayesimulia jambo la jirani. Nilikuwa nimemwambia mapema kwamba mtoto yuko salama, akafumba macho, akasema ahsante.

"Mwenzangu," nikamwuliza, nikiwa nalia, "kwa nini hukupiga kelele? Kwa nini hukumwita?"

Akanitazama kama mtu niliyeuliza jambo la kitoto. "Ningemwitaje?"

Kweli, angemwitaje? Jina lake hakuwahi kuliweka kinywani.

Nikasikia mawe yakiporomoka nyuma yetu. Mzee Mwalugaja alikuwa ameshuka. Mguu wake mmoja ulikuwa unavuja damu, na mtoto yuko ndani ya koti, kichwa kimechungulia kifuani. Alikuja hadi kwenye mwamba mkubwa uliokuwa karibu nasi. Akasimama nyuma yake. Akakohoa.

Wanangu, nimeishi miaka mingi na nimezika watu wengi, lakini kile kikohozi hakijanitoka masikioni. Kwa sababu Tusekile alikisikia. Mkono wake mmoja ulikuwa umevunjika. Kwa ule mwingine akaanza kupapasa kifuani, anatafuta kanga ajifunike uso, na kanga zake zote mbili ziko barabarani. Alipoikosa akashika upindo wa kitenge changu, akauvuta, akajifunika. Akatulia chini yake, hapumui vizuri, anangoja baba mkwe apite.

Hasira zikanipanda. Nikasahau umri wangu na umri wake. "Unakohoa nini?" nikamwambia. "Nani unamkoholea? Njoo!"

Akatoka nyuma ya mwamba. Akaja, akapiga magoti kwenye mawe. Akashika kile kitenge, na Tusekile kutoka chini yake akakishikilia.

"Mwanangu," mzee akasema, "funua uso."

Kichwa kikakataa.

"Funua, mwanangu. Ni mimi ninayekuomba."

Akakivuta mwenyewe, taratibu, na vidole vya Tusekile vikaachia. Wakatazamana. Huyu binti alikuwa amepika chakula chake, amefua nguo zake, amemzalia mjukuu, na mzee yule alikuwa hajawahi kuuona uso wake. Akawa anautazama tu. Akasema, "Kumbe una mwanya." Sijui kwa nini alisema hivyo. Nadhani ndicho kitu cha kwanza alichokiona.

Tusekile akasema, "Tata," yaani baba kwa lugha ya kwao. Ndilo neno pekee alilowahi kumwambia uso kwa uso. Kisha macho yake yakashuka kwenye koti. Mzee akamtoa mtoto, akamlaza shavuni kwake. Ipyana akanyamaza. Walikaa hivyo watatu, nami nimeshika kichwa, na mvua ikaanza tena.

Hakungoja mnyororo. Alikata roho kabla watu hawajarudi, na mzee ndiye aliyemfumba macho.

Watu waliporudi walifanya bidii, wakaliinua lile bati, wakamtoa. Ambilikile walimkalisha pembeni na mwanawe. Ikabaki kazi ya kumpandisha marehemu barabarani. Watu wa lori wakakata miti ya machela. Mzee Mwalugaja akavua koti lake, akamfunika, akainama kushika upande wa kichwani.

Mmoja wao, mtu mzima mwenye mvi, aliyezijua mila za kule ziwani, akamshika bega kwa upole. "Mzee, sogea. Tuachie sisi. Huyu ni mkweo. Si vizuri umguse."

Alisema kwa wema. Wote pale walijua amesema sawa, hata mimi.

Mzee Mwalugaja akainua uso. Sikumwona akilia, wala sauti yake haikupanda. Akatazama juu, kule ilikotoka nyumba yake, ule mstari mwekundu uliochanika kwenye majani kutoka barabarani hadi tulipo. Akasema, "Mteremko haumjui mkwe."

Akashika ule mti wa machela. Alimbeba mkamwana wake kutoka korongoni hadi barabarani, mguu unavuja damu, akiteleza na kuinuka, akikataa kupokewa. Wale watu wa lori ndio walioondoka na neno lake. Walilisema kwenye masoko ya viazi, likashuka ziwani, likapanda huku. Mzee mwenyewe hakuishi sana baada ya hapo. Mkewe alipona, na yeye ndiye aliyemlea Ipyana kwa maziwa ya ng'ombe.

Basi mkilisikia neno hilo mkumbuke kwamba wote wawili walikuwa na adabu. Mmoja alibisha kwa adabu, mwingine akaondoka kwa adabu, koleo likiwa mfukoni. Hakuna aliyekosea hata kidogo kati yao, na Tusekile akafa. Mteremko haumjui mkwe.